Nguvu na Kasi: Historia ya Kulinganisha Vipimo vya Upepo wa Baharini

Katika mazungumzo ya kila siku, "nguvu ya upepo" na "kasi ya upepo" hutumika kwa maana moja. Katika istilahi za elimu ya hali ya hewa hayana budi kutenganishwa, na historia yatuonyesha sababu.

Mwaka 1806 Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliandika katika shajara yake madaraja ya upepo. Jeshi hilo lilipoyaidhinisha mwaka 1838, hayakutaja kasi ya upepo. Yalieleza mwendo wa manowari na kiasi cha matanga iliyoweza kuchukua. Meli za mvuke zilipoyaacha matanga, kigezo kikawa sura ya bahari: viwimbi, mawimbi na povu. Hiyo ndiyo nguvu, yaani makadirio ya jicho la baharia.

Kasi, kwa upande wake, hupimwa kwa chombo. Mwaka 1906 George Simpson, mtaalamu wa Uingereza, alitafuta ulinganifu wa mambo hayo mawili. Kutokana na kazi yake, daraja la 6 husomwa leo kuwa maili za baharini 22 hadi 27 kwa saa.

Hata hivyo tatizo halikwisha. Kumbukumbu za meli za miaka mingi zilipokusanywa pamoja, upepo wa bahari ulionekana kuzidi mwongo hata mwongo. Kumbe meli zilikuwa zimekua, na vipimaupepo vimepanda pamoja na milingoti. Nao upepo wa juu huenda kasi kuliko ule ulio karibu na maji. Mwaka 2011 Hiroki Tokinaga na Shang-Ping Xie walitoa takwimu zilizosahihishwa kwa kuzingatia kimo cha vipimaupepo na urefu wa mawimbi, na ongezeko hilo la uongo likaondolewa.

Setilaiti nazo, tangu Seasat ya mwaka 1978, haziugusi upepo. Hupokea mwangwi wa rada kutoka kwenye viwimbi, ndipo mwangwi huo ukageuzwa kuwa kasi ya kimo cha meta 10.

Basi tarakimu isiyotajiwa kimo wala njia ya kuipata ni sawa na neno lisilo na fasili. Yafaa "nguvu" ibaki kwa madaraja, "kasi" kwa kilichopimwa, na "kasi linganifu" kwa kilichosahihishwa hadi kimo cha meta 10. Tukiyachanganya, msomaji atadhani bahari imebadilika, kumbe ni mlingoti tu uliorefushwa.