Ngome ya Housesteads katika Ukuta wa Hadrian

Ukuta huu uliopanda juu ya majabali ulianza kujengwa mwaka 122 baada ya kuzaliwa Masihi, kwa amri ya Kaisari Hadrian, ukanyooshwa toka pwani hata pwani kaskazini ya Uingereza, masafa ya kilomita 117 hivi, uwe mpaka wa dola ya Warumi. Kila maili ya Kirumi palijengwa kigome chenye lango, na baina ya vigome viwili, minara miwili ya walinzi.

Humu ngomeni walikaa askari wapatao 800, na katika karne ya tatu walikuwa wa kikosi cha Watungri, ambao asili yao ni nchi iitwayo leo Ubelgiji. Tazama ghalani zile nguzo fupi za mawe: ndizo zilizoinua sakafu, hewa ikapita chini yake, nafaka isishikwe na unyevu. Kisha teremka hata pembe ya kusini-mashariki, uone vyoo vya askari, na kando yake birika la mawe lililohifadhi maji ya mvua ya kusafishia mfereji.

Tangu mwaka 1987 Ukuta huu umo katika Urithi wa Dunia. Twakuomba usiukwee wala usiondoe jiwe lake, kwani ni amana ya wanadamu wote.