Kunasa au Kufyonza: Istilahi Moja na Magome ya Njombe

Magome ya miwati yaliingia katika lugha yetu kwa mlango wa biashara. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha huko Njombe kampuni ya miwati, ambayo wengi tunaijua kwa jina la TANWAT. Mti wenyewe asili yake ni Australia. Wakulima na vibarua hawakungoja kamati ya istilahi: jina la kigeni lilivishwa ngeli ya mti, likawa mwati, miwati. Kilichokamuliwa katika magome kiliitwa tanini, nacho kilitakiwa kwa kazi ya kusindika ngozi, ambayo watu wa pwani huiita kudabaghi.

Tanini ilikuwa na kazi nyingine iliyo kongwe. Katika karne ya 19 watia rangi wa Ulaya waliitanguliza kwenye pamba ili aina fulani za rangi zishike, zisichujuke. Ndipo wanakemia wa baadaye walipoigeuza hoja: kitu kinachoshikiza rangi katika nguo kingeweza pia kuishika rangi iliyopotelea majini. Haja ilikuwapo hata kwetu. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na maji yake machafu yalielekea mto Msimbazi.

Taabu ilikuwa kuuokota unga uliokwisha kushika rangi, maana unga laini huelea na kupita katika vichujio. Katika miaka ya 1970 watafiti wa CSIRO, Australia, walitumia chembe za magnetaiti kusafisha maji, kisha wakazikusanya kwa sumaku. Mwaka 1981 Massart, Mfaransa, alieleza njia nyepesi ya kutengeneza chembe laini mno za magnetaiti kutokana na chumvi za chuma. Leo chembe hizo huvikwa tanini. Mkoa wa Njombe, ulioundwa mwaka 2012, una miwati na pia una magnetaiti ya Liganga, wilayani Ludewa, ingawa hiyo imechanganyika na titani na vanadi, na maabara hupenda kujitengenezea yao.

Hapa ndipo mfasiri anapokwama. Akiandika kwamba unga huo “hufyonza” rangi, mwalimu wa Makambako atawaeleza wanafunzi habari za sifongo: kitu kimeingia ndani, kimekwisha. Sivyo. Rangi imeganda juu ya uso wa chembe, kama ndege juu ya ulimbo, wala haikuangamia. Unga ukitupwa mtaroni, rangi imetupwa pamoja nao. Ukioshwa kwa maji yenye asidi kidogo, aghalabu rangi huachia na unga hutumika tena. Fundi asiyeelezwa hayo atachafua mto akidhani ameusafisha.

Kwa hiyo twapendekeza kunasa na unasaji kwa jambo la juu ya uso, na kufyonza kubaki kwa jambo la ndani. (Neno rangi nalo lina mzigo wake, kwani hubeba rangi ya ukuta, ya nguo na ya macho, ni afadhali kuandika “rangi ya kutilia nguo”.) Wapo watakaodai kwamba kinasa kimekwisha kuchukuliwa na kinasa sauti. Dai hilo halina nguvu, kwa sababu chombo kile nacho kiliitwa hivyo kwa kuishika sauti juu ya utepe uliopakwa unga wa sumaku.