Padi Isiyo na Waya: Miaka Arobaini ya Kuitafuta Kompyuta

Novemba 2005, Microsoft ilipoanza kuuza Xbox 360, padi yake isiyo na waya iliwavutia hata watu wasio na haja na mashine yenyewe. Ilikaa vizuri mikononi, vijiti vyake vilikuwa vyepesi, na wapenzi wa gemu za kompyuta waliitaka. Aliyeinunua pamoja na kebo yake ya kuchajia alichomeka ncha ya USB kwenye kompyuta, akasubiri. Padi ilichaji, basi. Kebo ile ilipitisha umeme tu. Taarifa za vitufe ziliendelea kusafiri hewani, kwa lugha ya redio ambayo kompyuta haikuwa na kifaa cha kuisikia.

Historia ya padi zisizo na waya imejaa visa vya namna hii. Padi ina uwezo, kompyuta ina uwezo, lakini kampuni iliyotengeneza padi haikukusudia vikutane. Vikakutana hata hivyo, kwa nguvu za aina mbili: viwango vya mawasiliano ambavyo kila mtengenezaji anaweza kuvifuata, na waandishi wa programu waliokataa kukubali kwamba kifaa walichokilipia kina kazi moja tu.

Mwanzoni hapakuwa na jambo la kubishania, kwa kuwa kila kitu kilikuwa na waya. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 iliweza kuongezewa kadi ya kuchezea gemu yenye tundu la pini 15. Kompyuta ilijua kijiti kimeinama upande gani kwa kupima muda ambao kapasita ndogo ilichukua kujaa umeme. Kazi hiyo ya kupima ilifanywa na prosesa yenyewe, huku mambo mengine yakingoja. Tundu hilo lilidumu karibu miaka ishirini, hasa baada ya kuanza kuwekwa kwenye kadi za sauti.

Upande wa mashine za gemu, majaribio ya kukata waya yalianza mapema. Mwaka 1983 Atari iliuza vijiti vya redio kwa ajili ya mashine yake ya 2600, vizito na vyenye kitako kikubwa. Mwaka 1989 Nintendo ilileta kifaa kilichotumia miale ya infraredi, kama rimoti ya televisheni. Mtu akipita katikati, mawasiliano yalikatika. Padi ya kwanza isiyo na waya kuheshimiwa na wachezaji wengi ilikuwa WaveBird ya Nintendo, iliyotoka mwaka 2002 kwa ajili ya GameCube. Ilitumia redio ya masafa ya gigahezi 2.4, ikiwa na chaneli 16 za kuchagua kwa kuzungusha gurudumu dogo, na ili betri zidumu iliacha kabisa mtetemo. Lakini kipokezi chake kilichomekwa kwenye GameCube. Mwenye kompyuta alibaki mtazamaji.

Ufumbuzi ulikuwa ukiiva kwingine. Mwaka 1994, katika kampuni ya Ericsson mjini Lund, Sweden, wahandisi akiwamo Mholanzi Jaap Haartsen walianza kubuni redio ya masafa mafupi ya kuunganisha simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, IBM, Nokia na Toshiba ziliunda umoja wa kusimamia kiwango hicho, zikakiita Bluetooth. Redio hiyo hurukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde, ili isizimwe na kelele za vifaa vingine vinavyotumia masafa hayohayo. Wakati huohuo USB, iliyotoka mwaka 1996, ilileta utaratibu ambao kifaa hujieleza chenyewe kinapounganishwa: kina vitufe vingapi, kina vijiti vingapi. Baadaye Bluetooth ikauchukua utaratibu huo. Tangu hapo, padi iliyofuata kiwango hicho ingeweza kueleweka na kompyuta yoyote.

Matunda yake yalionekana Novemba 2006. Nintendo ilitoa Wii, na rimoti yake ilikuwa kifaa cha Bluetooth. Ukibonyeza vitufe 1 na 2 kwa pamoja, ilijitangaza hewani na kompyuta ikaiona. Kilichofuata hakikuwa gemu pekee. Mwaka 2007 Johnny Chung Lee, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alionyesha kwamba kamera ya infraredi iliyomo ndani ya rimoti hiyo ingeweza kufuata ncha ya kalamu yenye taa ndogo. Kwa rimoti ya takriban dola 40, kompyuta na projekta, ukuta wa kawaida uligeuka ubao wa kielektroniki wa kufundishia. Lee alitoa programu yake bure, na walimu katika nchi mbalimbali wakaitumia.

Sony ilipita njia nyingine. Padi ya PlayStation 3, iliyotoka mwezi huohuo, nayo ilitumia Bluetooth, ila haikukubali kuoanishwa kwa njia ya kawaida. Ilibidi ichomekwe kwanza kwa kebo, kisha PlayStation iandike anwani yake ya Bluetooth ndani ya padi. Kuanzia hapo padi ilimtafuta bwana mmoja tu. Watumiaji wa Linux waliuchunguza utaratibu huo, wakaandika programu ndogo ya kuweka anwani ya kompyuta mahali pa ile ya PlayStation. Kwenye Windows kazi ilikuwa ngumu zaidi, na kwa miaka mingi watu walitegemea programu endeshi za watu binafsi, nyingine za kuaminika, nyingine za mashaka.

Microsoft yenyewe ilileta ufumbuzi wa padi yake mwaka 2007: kipokezi cha USB kilichoweza kuhudumia padi nne kwa wakati mmoja. Kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuwapa watengenezaji wa gemu utaratibu mpya wa programu uitwao XInput. Kabla yake, gemu ilijua tu kwamba "kitufe cha tatu" kimebonyezwa, bila kujua kitufe hicho kiko wapi kwenye padi. XInput ilitaja kila kitufe kwa jina lake. Watengenezaji wakaupenda, na padi ya Xbox 360 ikawa kipimo cha padi zote za Windows.

Matokeo yake ni kwamba padi nyingine zililazimika kujifanya Xbox. Padi ya PlayStation 4, iliyotoka Novemba 2013, ilikuwa rahisi kuoanisha: bonyeza vitufe vya Share na PS kwa pamoja hadi taa imetemete. Tatizo lilikuwa kwamba gemu nyingi za Windows hazikuijua. Hapo ikaja DS4Windows, programu ya bure iliyopokea maneno ya padi ya Sony na kuyatafsiri yasikike kama ya Xbox 360. Iliandikwa na kuendelezwa na watu wa kujitolea, na bila yao padi nyingi zingebaki bila kazi mbele ya kompyuta.

Mwaka 2016 mambo yaligeuka. Agosti, Microsoft ilitoa Xbox One S ikiwa na padi yenye Bluetooth, jambo ambalo padi za Xbox One za mwanzo hazikuwa nalo. Desemba, duka la gemu la Steam likaanza kuitambua padi ya PlayStation 4 bila msaada wa programu ya pembeni. Mwaka 2018 ikaja Xbox Adaptive Controller, iliyobuniwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Ina matundu 19 ya kuchomeka swichi za kubonyezwa kwa mguu, kiwiko au kidevu, na huunganishwa na Windows kwa Bluetooth. Kwa mchezaji asiyeweza kushika padi ya kawaida, kufunguka kwa milango hii kulimaanisha kuingia mchezoni.

Sony nayo ilibadilika. Mwaka 2021 programu endeshi ya padi ya PlayStation 5, iliyoandikwa na Sony yenyewe, iliingizwa katika kiini cha Linux. Kampuni ambayo padi yake ya 2006 ilimjua bwana mmoja sasa ilikuwa ikichangia programu ambayo yeyote anaweza kuisoma na kuirekebisha.

Kisa cha Google Stadia kinaonyesha uzito wa jambo hili. Huduma hiyo ya gemu za mtandaoni ilianza Novemba 2019, na padi yake iliwasiliana na seva za Google moja kwa moja kwa Wi-Fi. Septemba 2022 Google ilitangaza kuifunga, na Januari 18, 2023 ikazimwa. Ndani ya kila padi kulikuwa na chipu ya Bluetooth ambayo wachezaji hawakuwahi kuruhusiwa kuchezea gemu. Wenye padi walidai ifunguliwe, na Google ikatoa programu ya kufanya hivyo, kwanza kwa muda uliowekewa mwisho wa 2023, kisha muda huo ukaongezwa. Padi zilizokuwa zikielekea jalalani zikaungana na kompyuta na simu.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako padi na kompyuta nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika, maarifa haya ni pesa. Ukishika padi ya Xbox One, tazama plastiki inayozunguka kitufe chenye nembo ya Xbox. Ikiwa ni kipande kimoja na uso wa padi, ina Bluetooth. Ikiwa ni kipande cha pembeni, kilichoungana na sehemu ya juu yenye vitufe vya vidole vya shahada, haina, na utahitaji kununua kipokezi au kutumia kebo. Hakikisha pia kwamba kebo yako inapitisha data, wala si umeme peke yake. Na kabla ya kutoa pesa, mwombe muuzaji aioanishe padi na kompyuta mbele ya macho yako.