Elektrodi Rejea: Kutoka Zebaki hadi Plastiki

Mtu aupimaye ukali wa tindikali kwa umeme hana budi kutumia elektrodi mbili: moja ya kupokea habari za majimaji yale, na ya pili, iitwayo elektrodi rejea, ya kusimama pale pale bila kutikisika, mfano wa jiwe la mizani, ili tofauti baina yao isomwe kwa volti. Hiyo ya pili aghalabu husahauliwa, nayo ni dhuluma kubwa, kwani ikiyumba milivolti 6 tu, kipimo cha pH hupotoka kwa moja ya kumi, wala mpimaji haoni dalili yoyote.

Mnamo mwaka 1909, Sørensen alipobuni kipimo cha pH katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, na Haber na Klemensiewicz walipoeleza elektrodi ya kioo, rejea ilikuwa chombo cha maji, ama cha zebaki na kalomeli, ama, kama ilivyozoeleka baadaye, cha waya wa fedha uliovikwa kloridi yake na kuzamishwa katika maji ya chumvi ya potasiamu. Aliyewahi kukishika chombo hicho anaijua adha yake: chumvi huvuja polepole katika kitundu cha ncha, ikaganda nje ikawa ukoko mweupe, maji hupungua yakataka kuongezwa, na kukilaza chombo ni hatari.

Ukavu ulianzia upande wa elektrodi ipokeayo habari: mwaka 1970 Moody, Oke na Thomas waliunda utando wake kwa PVC, plastiki ile ile ya mabomba, na mwaka uliofuata Cattrall na Freiser wakaupaka utando wa namna hiyo juu ya waya mtupu. Maji ya ndani yakatoweka, lakini na uthabiti nao ukaondoka, maana baina ya metali na plastiki hapakuwa na kitu cha kuishika volti. Dawa ilipatikana mwaka 1992, Cadogan na wenziwe walipoweka katikati polipiroli, polima ipitishayo umeme.

Kwa rejea yenyewe, mafundi walichanganya unga laini wa chumvi ndani ya polima, mathalani polivinili butirali, wakaumimina mchanganyiko huo juu ya fedha. Chumvi ikawa inatoka kidogo kidogo mno, na kloridi iizungukayo fedha ikabaki karibu kiasi kile kile. Hata hivyo polima hunywa maji taratibu, na siku za awali volti hutangatanga kabla ya kutulia. Ndiyo maana kila elektrodi kavu iundwayo hupimwa kwanza dhidi ya ile ya zamani yenye maji.