Haki za mbunifu: Sheria hulinda nini?

MALI si shamba, nyumba na mifugo pekee. Wimbo, riwaya, mtambo mpya na jina la bidhaa pia ni mali, ijapokuwa chimbuko lake ni akili ya mwanadamu. Kifungu cha 40 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinaiagiza Serikali kuunga mkono, kukuza na kulinda haki za Wakenya katika mali ya aina hii.

Ulinzi huo si wa namna moja.

Hakimiliki huhusu kazi za fasihi, muziki, sanaa, filamu na programu za kompyuta. Huanza pindi kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila kusubiri usajili. Kwa mwandishi, hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Hata hivyo, sheria hailindi wazo tupu, bali jinsi lilivyoelezwa. Kisa cha kijana anayehamia mjini kutafuta kazi chaweza kusimuliwa na waandishi kumi. Mkosaji ni yule anayenakili maneno ya mwenzake.

Hataza humlinda mvumbuzi wa kifaa au mbinu mpya ya kiufundi kwa miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha ombi. Kwa kuwa upya ni sharti, anayeanika uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuomba hujiweka hatarini.

Alama ya biashara hutofautisha bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Usajili wake ni wa miaka 10, nao huweza kuhuishwa tena na tena.

Usajili wa hataza na wa alama hauvuki mpaka wenyewe. Mnamo 2007 kulizuka malalamiko kampuni moja ilipotaka kusajili nchini Uingereza neno linalotamkwa "kikoi", jina la vazi la Waswahili tangu jadi. Ombi hilo lilipingwa, na hatimaye likaachwa. Mwaka wa 2016, Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na tamaduni za jamii.

Basi mbunifu na ahifadhi rasimu zenye tarehe, aandikiane mikataba na washirika wake, na asajili mapema kinachohitaji kusajiliwa. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.