Nasaba ya Maradhi ya Breki za Ngoma

Gari lililoundwa kabla ya miaka ya 1970, liwe Land Rover ya shambani, Peugeot 404 iliyowahi kuwa teksi au Volkswagen ya mwalimu mstaafu, aghalabu husimamishwa na chombo ambacho dereva wake hakioni wala hakikumbuki mpaka siku kinapomwasi: ngoma ya chuma cha kusubu inayozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vyenye umbo la hilali ambavyo, mguu ukanyagapo pedali, hutanuka vikaigandamia ngoma kwa ndani. Mafundi wengi wa leo, kwa kuwa wamelelewa na breki za diski, hukitibu chombo hiki kwa kubahatisha, wakibadilisha kiungo baada ya kiungo mpaka fedha za mwenye gari zikome. Rai yangu ni kwamba maradhi yake hayakuja kwa nasibu. Kila moja lilizaliwa pamoja na hila fulani ambayo mabingwa wa zamani waliibuni ili kuondoa dhiki nyingine, na fundi aijuaye nasaba hiyo huwa karibu na kasoro kabla hajalegeza nati ya kwanza.

Magari ya mwanzo yalirithi breki ya gari la farasi, yaani gogo la mti lililosukumwa juu ya ukingo wa gurudumu, na tairi za mpira zilipoingia gogo hilo likawa linazila. Ikafuata breki ya mshipi uliozungushwa nje ya ngoma na kukazwa. Mshipi huo ulishika barabara gari lilipokwenda mbele, lakini lilipoanza kuserereka kinyumenyume mlimani ulijilegeza wenyewe, na ndiyo maana magari mengi ya siku zile yalining'iniza chini ya tumbo lao mti wenye ncha, ambao dereva aliuachia ujichomeke ardhini penye hatari. Fauka ya hayo, mshipi ulikuwa wazi kwa tope, mvua na vumbi. Sifa ya kuviingiza viatu ndani ya ngoma hupewa Louis Renault wa Ufaransa, mwaka 1902, ingawa Mercedes ya 1901 iliyosanifiwa na Wilhelm Maybach ilikwisha kuwa na ngoma katika magurudumu ya nyuma. Mwaka huo huo wa 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alisajili hataza ya breki ya diski. Walakini vipande vyake vya shaba vilipiga mayowe na kulika upesi, na ulimwengu ukaiacha breki hiyo isubiri nusu karne.

Kuvifungia viatu ndani kulizuia uchafu wa nje, kukaanzisha balaa la uchafu wa ndani. Grisi ya beringi, mafuta ya ekseli yaliyopenya sili iliyochoka, maji ya kivukoni na unga wa kiatu chenyewe, vyote vikiingia mle havina pa kutokea, na jicho la mpita njia halivioni.

Ajabu kubwa ya ngoma, hata hivyo, ni jinsi inavyozalisha nguvu. Gurudumu lizungukapo kwenda mbele, kiatu kimoja hukokotwa na ngoma yenyewe kikajikaza zaidi ya vile mguu wa dereva ulivyoamuru, ilhali mwenziwe husukumwa nyuma na kupunguziwa nguvu. Cha kwanza na tukiite kiongozi, cha pili mfuasi. Wasanifu walipoitambua siri hii waliifanya mtaji, na katika magari kama Morris Minor na Land Rover ya inchi 109 wakaweka silinda mbili katika kila gurudumu la mbele, ili viatu vyote viwili viwe viongozi. Faida ikawa breki kali kwa mguu mwepesi. Gharama zikawa mbili. Kwanza, gari lirudipo nyuma viongozi hugeuka kuwa wafuasi, na dereva aliyezoea breki kali huona gari likimponyoka kinyumenyume mlimani, akalipeleka gereji akidai kuna kitu kimevunjika, na kumbe hakuna kilichovunjika ila mwelekeo wa mzunguko umebadilika.

Gharama ya pili ni nzito zaidi, kwa maana chombo kizidishacho nguvu huzidisha na khitilafu. Grisi kidogo upande mmoja, pistoni iliyoganda kwa kutu, au mpira wa breki ulioziba kwa ndani, hutosha kulivuta gari zima nje ya njia. Hapa ndipo mafundi chipukizi wanapopotea. Gari huvuta upande unaoshika, kwa hiyo aghalabu mgonjwa ni gurudumu la upande wa pili; wao hufungua lililo zima, wakalikuta safi, wakaanza kuusingizia usukani. Lakini hiyo nayo si kanuni isiyovunjika, kwani bitana ya kiatu, yaani lile gamba la msuguano lililopigiwa ribiti, ikipata mafuta haba huweza kunata badala ya kuteleza, na hapo upande unaovuta ndio wenye taksiri. Insafu ni kufungua pande zote mbili na kuzilinganisha. Na bitana iliyokwisha kunywa mafuta haifuliki kwa petroli wala haikaushwi kwa moto, kama wafanyavyo wenye pupa. Hubadilishwa, pamoja na ya upande wa pili.

Bitana hizo zina tarehe yao. Herbert Frood wa Derbyshire, Uingereza, alianza kutengeneza vitu vya msuguano mwaka 1897, na husimuliwa kwamba fikra ilimjia alipowaona waendesha mikokoteni wakipachika viatu vikuukuu vya ngozi kwenye magogo ya breki ili mikokoteni isiwashinde mteremkoni. Kampuni yake, Ferodo, ilianza kutumia asbesto mwaka 1908, na kwa miongo mingi madini hayo yasiyoungua yakawa ndiyo roho ya breki. Uingereza iliyapiga marufuku kabisa mwaka 1999, kwa kuwa unga wake huua mapafu taratibu. Gari la zamani lenye bitana za zamani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa wala kwa kinywa. Unga ule ufutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kitupwe kikiwa kimefungwa.

Breki za magurudumu ya mbele zilichelewa, kwa sababu watu walihofia kwamba gari likishikwa mbele litapinduka. Zilipoenea katika miaka ya 1920, magari mengine yalibandikwa nyuma pembetatu nyekundu, ili kuwaonya waliofuata kwamba mwenzao anaweza kusimama ghafla kuliko wao.

Tatizo likawa namna ya kugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu manne kwa fito na nyaya, kila moja na urefu wake na ulegevu wake. Mmarekani Malcolm Loughead, ambaye jina lake lilikuja kuandikwa Lockheed, alipata hataza ya breki za maji mwaka 1917. Gari la Duesenberg likazichukua mwaka 1921 na Chrysler mwaka 1924. Volkswagen ya kawaida, kwa ubahili wa kiwandani, iliendelea na nyaya mpaka 1962, ingawa zile za kupelekwa nchi za nje zilipata breki za maji tangu 1950.

Maji yalileta usawa. Yakaleta pia lugha mpya ya pedali, na huu ndio mlango wa uchunguzi wote. Pedali ikizama kisha ikapanda na kuwa ngumu ukiipampu mara mbili tatu, viatu viko mbali na ngoma na vyataka kusogezwa: katika Volkswagen kwa bisibisi kupitia tundu, katika Land Rover kwa spana nyuma ya bati, ukikaza mpaka gurudumu ligome na kulegeza mpaka lizunguke huru. Pedali ikiwa laini kama sifongo, kuna hewa, nayo hutolewa kwa subira, gurudumu kwa gurudumu. Pedali ikisimama kisha ikashuka polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna uvujaji wa nje, raba za masta silinda, yaani silinda kuu isukumwayo na pedali, zinapitisha mafuta. Na breki zikishika bila kukanyagwa, gari likawa zito na ngoma zikawaka moto, mkague aliyejaza mafuta kabla ya kuikagua breki: mafuta ya injini yakiingia katika mafuta ya breki hata kwa kiasi kidogo huvimbisha raba zote, na dawa yake ni kubadilisha kila raba kutoka masta silinda hadi gurudumu la mwisho. Ndugu zetu wa pwani wana adui wa ziada, kwa kuwa mafuta ya breki ya kawaida huvuta unyevu wa hewani, na unyevu huo huzila silinda kimyakimya gari likiwa limeegeshwa.

Maradhi mashuhuri kuliko yote ni breki kuisha nguvu mteremkoni. Ngoma ikipata joto hutanuka ikavikimbia viatu, na bitana nayo hupoteza ukali wake. Ateremkaye mlima wa Kitonga, au ukuta wa Bonde la Ufa kwa barabara ya Mai Mahiu iliyojengwa na mateka wa Kitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiegemea pedali badala ya gia ndogo, hunusa harufu ya kuungua na kuona pedali ikiikaribia sakafu. Akifika gereji breki zimekwisha kupoa, na fundi haoni ila. Wapo wanaomwaga maji juu ya ngoma ili kuipoza, nayo ikapasuka au ikapinda, na tangu hapo pedali hutetema chini ya mguu. Ngoma ya namna hiyo hukerezwa ikiwa unene wake bado waruhusu, vinginevyo hutupwa.

Wanaoidharau ngoma kwa udhaifu huo wakumbuke Safari Rally ya mwaka 1963, ambapo magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika, na mshindi, Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, aliendesha Peugeot 404 yenye ngoma magurudumu yote manne. Mwaka 1966 na 1967 ushindi ulikwenda tena kwa 404, safari hii kwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, na Chris Rothwell.

Diski zilikwisha kuthibitisha ubora wake mwaka 1953, Jaguar ilipozitumia kushinda mbio za Le Mans, na tangu hapo ngoma ikarudishwa nyuma ya gari, ambako ilithaminiwa kwa kupokea breki ya mkono kwa urahisi. Wengi waliihesabu marehemu. Lakini Volkswagen ilipotoa gari lake la umeme la ID.3 mwaka 2020, iliweka ngoma katika magurudumu ya nyuma: mota ndiyo ifanyayo sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo, na breki isiyotumika sana, ikiwa wazi, huliwa na kutu.