Mzungu wa Nne na Fedha za Kahawa: Historia ya Karata na Kamari, kutoka Pwani hadi Mbinga

Mwanafunzi mmoja kutoka Umatengo aliniuliza, mwishoni mwa kipindi, swali ambalo halikuwamo katika muhtasari wa somo: je, poka ni kamari au ni mchezo wa akili? Vijana wa rika lake huko Mbinga, alisema, wameanza kujifunza misingi ya mchezo huo kwenye simu, na kila mmoja anashikilia kwamba yeye habeti, anapiga hesabu. Nilimjibu kwa kifupi kwa kuwa wenzake walikuwa wamekwisha kusimama. Jibu refu linahitaji historia, na historia hiyo ni kongwe kuliko simu.

Tuanze na karata zenyewe. Neno karata tumelipata kwa Wareno, kama tulivyopata meza, bendera na gereza. Wareno waliiteka Kilwa mwaka 1505, na Ngome ya Yesu ya Mombasa ikawatoka mikononi mwaka 1698. Walipoondoka waliacha magofu machache na msamiati mzima wa mchezo mmoja: kopa, uru, pao, shupaza, ree, seti, turufu. Wengi wetu tumeyatamka maneno hayo tangu utotoni bila kujiuliza yametoka wapi.

Lakini kuna majina mengine yanayostaajabisha zaidi, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kidogo. Kwa Kiswahili cha zamani mfalme wa karata aliitwa mzungu wa nne, kijana wake mzungu wa tatu, na malkia mzungu wa pili. Kwa nini mfalme awe wa nne, na malkia awe chini ya kijana? Jawabu limo katika hesabu ya mchezo wa Kireno unaochezwa hadi leo katika nchi zinazozungumza lugha hiyo. Humo ree ina pointi 11, seti ina 10, mfalme 4, kijana 3 na malkia 2. Jumla ya kila aina ni 30. Aina zote nne zinatoa 120. Nusu yake ni 60, kwa hiyo anayefikisha 61 ameshinda. Ndiyo asili ya jina la wahedi wa sitini ambalo wazee wa pwani walilitumia kwa mchezo huo. Wazee wetu waliitazama picha ya mtu mwenye taji, wakaona hawana haja na ufalme wake. Wakamwita mzungu, wakamtaja kwa pointi zake, na wakakubali bila taabu kwamba saba inampiga.

Mchezo huo huchezwa kwa ubia, wawili dhidi ya wawili. Aliyefungwa huzomewa, huondoka mkekani kupisha wengine, na kesho hurudi. Sisemi kwamba hapakuwa na kamari. Neno lenyewe ni la Kiarabu, na Suratul Maida, aya ya 90, inaikataza waziwazi. Hakuna anayekataza jambo lisilokuwapo. Ila kamari ilikuwa kitu kilichoongezwa juu ya mchezo. Mkiiondoa fedha, karata zinabaki na utamu wake.

Njia ya kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa ni ya kale. Mwaka 1616 Mreno Gaspar Bocarro alisafiri kwa miguu kutoka Tete hadi Kilwa, akapita karibu na ziwa na kuvuka Mto Ruvuma. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliitumia njia hiyo kwa wingi wa kutisha, na Kiswahili kikapanda nayo kuelekea bara. Ufukweni, toka Lituhi na Liuli hadi Mbamba Bay, kazi ya usiku ilipanga pia muda wa kucheza. Wavuvi wa usipa hutegemea giza ili taa zao ziwavute samaki. Mwezi unapong'aa, mitumbwi hupumzika na watu hukaa barazani. Bao na karata vilikuwa na msimu wake, na msimu huo ulijulikana kwa kutazama juu.

Serikali nayo ina historia yake katika jambo hili, tena historia yenye kigeugeu. Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1930, ambayo Waingereza waliileta Tanganyika na ambayo bado tunaitumia, iliifanya nyumba ya kamari kuwa kosa la jinai. Mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, Bunge lilitunga sheria ya kusimamia bahati nasibu. Mwaka 1974 dola ikaingia yenyewe katika biashara hiyo kwa kuunda Bahati Nasibu ya Taifa. Nchi iliyofundisha kwamba mtu aishi kwa jasho lake ilikuwa pia ikiuza tiketi. Sikusudii kuibeza, fedha zilitakiwa na nia ilikuwa ya umma. Lakini mpaka kati ya kamari mbaya na bahati nasibu njema ulikuwa umechorwa na anayekusanya mapato. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, namba 4 ya mwaka 2003, ilikamilisha safari hiyo: ikaundwa Bodi ya kutoa leseni na kusimamia michezo yote ya kubahatisha. Bodi hiyo iko chini ya Wizara ya Fedha, na kwa mtumishi wa umma asomaye makala hii, mahali ilipowekwa panaeleza mengi kuliko hotuba zinazotolewa juu yake.

Mwaka huohuo wa 2003, mbali sana na Dodoma, mhasibu mmoja wa Marekani aitwaye Chris Moneymaker alishinda mashindano makubwa ya poka huko Las Vegas na kuondoka na dola milioni 2.5. Nafasi ya kushiriki aliipata kwa kucheza mtandaoni, kwa kiingilio cha dola 86. Poka ya fedha halisi kwenye intaneti ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, kwani tovuti ya kwanza ilianza mwaka 1998. Habari ya mhasibu ikafanya kazi ambayo tangazo lolote lisingeiweza: mamilioni ya watu waliamini kwamba mtu wa kawaida, akiwa sebuleni kwake, anaweza kuwafunga mabingwa. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wa Marekani waliyafungulia mashtaka makampuni matatu makubwa ya mchezo huo. Mchezo haukufa, makampuni yaliendelea kutafuta wachezaji katika nchi nyingine, na simu ya mkononi ikaufikisha hata pale ambapo gari hupanda kwa shida wakati wa masika.

Sasa misingi yenyewe, kwa kuwa vijana wanasema wanaijifunza. Katika aina inayochezwa zaidi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na tano huwekwa wazi mezani kwa hatua: tatu, kisha moja, kisha moja. Kila mmoja hutafuta mkono bora wa karata tano katika hizo saba. Kuna duru nne za kuweka dau, na katika kila duru unaweza kulipa ili ubaki, kuongeza dau, au kuziweka karata chini na kupoteza ulichokwisha kutoa. Karata mbili za mwanzo zinaweza kupangika kwa namna 1,326. Ree mbili, ambazo ndizo bora kuliko zote, huja kwa wastani mara moja katika mikono 221. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ustadi ni kuacha, na anayejua kuacha huishi mezani muda mrefu kuliko mwenye moyo mgumu. Mengine ni kusoma tabia za watu, kupima dau dhidi ya uwezekano, na kumtisha mwenzako kwa mkono usiokuwa na kitu.

Nakiri basi kwamba vijana wa Mbinga wana hoja. Poka ina akili ndani yake, kuliko mkeka wa mpira na kuliko mashine zinazomeza sarafu katika vibanda vya mitaani. Lakini hoja hiyo ina pande mbili. Ikiwa ustadi unalipa, basi asiye na ustadi ndiye anayelipa. Mtandaoni mwanagenzi wa Mbinga hakai na majirani zake tu; hukutana na watu wa mabara mengine ambao hiyo ndiyo kazi yao ya mchana na usiku, wenye kumbukumbu za maelfu ya michezo. Hao wana jina la mchezaji mgeni ambalo wakazi wa Mbamba Bay watalielewa upesi: humwita samaki.

Hata tukidhani meza ni ya wanaolingana, bado kuna mchezaji asiyeonekana. Kampuni hukata sehemu ndogo ya fedha zilizowekwa mezani, tuiite ushuru wa meza. Tuchukue mfano: vijana sita, kila mmoja na shilingi 10,000, jumla 60,000. Kila mkono unakusanya wastani wa shilingi 2,000, na kampuni inakata asilimia tano, yaani shilingi 100. Kwa mwendo wa mikono 60 kwa saa, baada ya saa tano mikono 300 imekwisha, na shilingi 30,000 zimeondoka mezani. Hakuna aliyezishinda. Wataendelea kubishana nani ni fundi juu ya nusu iliyobaki. Wahedi wa sitini haukuwa na ushuru: pointi 120 zilizoingia mkekani zilibaki kuwa 120.

Hapa ndipo Mbinga inapotofautiana na Dar es Salaam. Mshahara wa mjini huja kila mwezi. Fedha ya kahawa huja kwa msimu. Kosa la juma moja baada ya malipo linaweza kuwa ada, mbolea na bati za nyumba kwa mwaka mzima. Tena Mmatengo hahitaji kufundishwa maana ya kubahatisha. Ngoro, yale mashimo ambayo wazee wake waliyabuni katika miteremko ili mvua isichukue udongo, ni elimu ya kupunguza bahati. Kahawa ilimrudisha katika bahati. Baridi kali iliyoiteketeza mibuni ya Brazili mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya dunia. Kuvunjika kwa mfumo wa kimataifa wa migao mwezi Julai 1989 kuliiporomosha. Mkulima hakuwa na karata yoyote mkononi katika michezo hiyo miwili. Katikati yake, mwaka 1976, serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika, ikaja kuvirejesha kwa sheria ya mwaka 1982. Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, MBICU, chama kikuu cha Mbinga, kilielemewa na madeni.

Katika pengo hilo yamestawi magoma. Wasomaji wa Mbinga wanalijua neno hili. Kwa wengine, magoma ni kuuza kahawa ingali mtini, wakati mwingine ingali ua, kwa bei ya chini sana, kwa sababu mkulima ana shida leo na mwenye fedha anaweza kusubiri. Kagera huitwa butura. Viongozi wameyakemea magoma kwa miaka mingi, na wamefanya vema. Ila kemeo hilo humlenga mnunuzi, nalo haliulizi shida ya leo imetoka wapi. Zamani ilitoka kwenye ugonjwa, msiba au ada. Kijana aliyepoteza fedha usiku kwenye simu naye ana shida leo, na mibuni ya baba yake iko pale, imechanua.

Kwa hiyo kwa mwanaharakati anayetaka poka ipigwe marufuku ningesema kwamba marufuku ya 1930 ipo bado vitabuni. Kwa ofisa wa wilaya nina ombi dogo zaidi: chama cha msingi kinapolipa wakulima kupitia simu au benki, wataalamu husimama kueleza habari za mbolea na madaraja ya kahawa. Waongeze nusu saa ya kupiga hesabu ile ya shilingi 60,000 ubaoni, vijana wakiwapo, na wawaachie wao chaki.